Ruta Nyeupe ya Hosteli ya Lemon Gaba

Siku ya kuniaga karakanani, Mama Keji, mkubwa wetu, aliniambia niseme maneno machache. Chai ilikuwa imeshamiminwa, mandazi yako kwenye sinia, na nyinyi nyote mmekaa juu ya maboksi ya nyaya mkinitazama. Nilisimama. Nikashukuru kwa chai. Nikakaa. Injinia Otieno akasema hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizosikia tangu aje Juba, na kwamba wanasiasa wangekuja kujifunza kwangu. Mkacheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani Sherikat sikuweza kutulia. Nilikaa, nikainuka, nikatoka hadi barabarani, nikarudi. Maneno niliyopaswa kuyasema yalikuwa yananikanyaga ndani.

Kwa hiyo naandika. Naandika polepole, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la nane, Kitale, na tangu hapo nimeandika majina ya wateja kwenye vibandiko zaidi ya kitu kingine chochote. Mtanivumilia. Mnajua kwa nini naondoka: tangu nilipoanguka kutoka paa la ile hoteli, mgongo umekataa ngazi, na fundi wa mtandao asiyeweza kupanda ni mlinzi wa bisibisi tu. Watu wananiambia kijana hastaafu. Sawa, waite wanavyopenda. Kazi imeisha, na miguu yangu bado inataka kwenda kuiangalia.

Siku yangu ya kwanza nilifika karakana mapema mno, nikasimama nje upande wa soko la Konyo Konyo kana kwamba nasubiri mtu mwingine. Mama Keji ndiye aliyefungua. Alikulia Eldoret, na Kiswahili chake kilinituliza kidogo, kwa sababu kilifanana na cha majirani zetu wa zamani. Hakuniuliza cheti. Aliweka ruta tatu mezani, akanipa bisibisi, akasema, "Zifungue zote. Nitafutie memori."

Nilizifungua. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye ubao, na nilikuwa nalifuta kwa mkono wa shati.

"Hii imeshikwa na nini?" aliniuliza, akigusa ile ndogo nyeupe ya plastiki.

"Lehemu."

"Hiyo ni ndoa ya kanisani. Haitoki. Uliyonunua ndiyo utakayozikwa nayo. Na hii?" Aligusa ile kubwa ya chuma, iliyokuja Juba ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu.

"Imeingia kwenye tundu lake. Inachomoka."

"Ee, hii inaweza kuachana. Lakini kabla hujailetea mke mwingine, uliza kama itamkubali."

Nilidhani ni utani. Nilikuja kuelewa nilipopachika kipande kikubwa cha memori kwenye ile ya chuma, kikaingia vizuri, kikabana, na ruta ikakubali nusu yake tu. Nusu nyingine haikuiona kabisa. Kipande kizima, tundu zima, na mashine inakutazama kama mtu aliyekataa kusalimiwa. Ndiyo maana nimewaambia kila mara, na nawaambia tena hapa ambapo hamwezi kunikatiza: kabla ya kununua kipande, tafuteni ruta hiyo inakubali kiasi gani na cha aina gani. Msiamini tundu.

Nieleze na hili kwa wale waliokuja juzi. Ruta ina sehemu mbili za kuweka vitu. Ya kwanza ni hifadhi. Hapo ndipo programu yake inalala umeme ukizima. Ya pili ndiyo memori yenyewe, na hiyo ni kama viti vya kibanda cha chai. Kila simu inayoingia inapewa kiti, na kila ukurasa unaofunguliwa unavuta kingine. Simu ikiondoka, kiti hakirudi papo hapo. Ruta inaendelea kukiwekea jina kwa muda, ikidhani mwenyewe atarudi. Zile za bei ya chini zina viti vichache, na vikiisha hazisemi "tumejaa." Zinajizima na kuwaka upya, zikiwatoa nje wote, hata yule aliyekuwa katikati ya neno.

Mteja akija dukani huhesabu antena. Yule muuzaji wa Konyo Konyo anajua hilo, ndiyo maana yeye husifia antena na uzito. "Shika mwenyewe, bwana, hii ni mali nzito!" Niliwahi kuifungua moja ya mali zake nzito. Uzito ulikuwa bamba la chuma lililogundishwa chini, halijaunganishwa na kitu chochote. Nyinyi someni memori kwanza, halafu hifadhi, halafu ulizeni kama kuna njia yoyote ya kuongeza. Antena mziangalie mwisho, mkiwa mmeshakaa.

Na kuhusu kusasisha programu. Toleo jipya huwa kubwa kuliko la zamani. Kama hifadhi ni ndogo, toleo jipya linaingia nusu, nusu linakosa pa kulala, na ruta haiamki tena. Niliona hilo likitokea hotelini, Injinia Otieno akiwa ameshika kichwa, na meneja akituletea soda kwa sababu hakujua kwamba tumeshaiua ruta yake. Mara nyingine hifadhi inatosha lakini anayesimamia jenereta anaizima katikati, kwa sababu ndiyo saa yake ya kuipumzisha na hakuna aliyemwambia. Tangu hapo Mama Keji aliweka desturi ambayo nyinyi mmeikuta: kabla ya kusasisha, fundi anakwenda kwanza kukaa na mtu wa jenereta, anamsalimia, anamuuliza habari za nyumbani, halafu anaeleza. Wageni kutoka Nairobi huona tunapoteza muda. Wakae waone.

Sasa nifike mtaa wa Lemon Gaba, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo haijaniacha.

Kuna hosteli kule ya akina mama na wasichana wanaosomea ukunga. Chuo chao kiko Kenya. Masomo wanayapata kwa mtandao, mazoezi wanayafanya kwenye wodi za hapa mjini. Sisi ndio tuliowafungia mtandao: antena juu ya paa, waya hadi kwenye korido, na ruta moja nyeupe ya lehemu, ile ya ndoa ya kanisani. Mmoja wa wanafunzi alikuwa Dada Poni, mama wa watoto, aliyekuwa msaidizi wa wodi kwa miaka mingi kabla ya kupata nafasi ya kusoma. Alikuwa na mtihani wa mdomo wa mwisho, kwa video, mbele ya walimu wa chuo. Alikuwa ameshaufanya mara moja. Wakati anaeleza angefanya nini kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua, ruta ilijizima. Walimu waliona uso wake umeganda mdomo wazi, kisha hawakuona kitu. Chuo kilimruhusu arudie. Kanisa lililokuwa linamsomesha lilimwambia mara hii ndiyo ya mwisho, kwa sababu kuna wengine wanaosubiri.

"Mimi siogopi maswali," aliniambia nilipokwenda kuikagua. "Maswali nayajua kwa mikono. Naogopa hiki kidude chako."

Nilisema, "Ndiyo, dada." 

Nilikaa na laptopu kwenye korido siku nzima nikitazama viti vikijaa. Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Jua likipanda, memori iliyobaki inashuka, inashuka, halafu taa zote zinazimika na kuwaka upya. Wanafunzi hawakuwa wengi kiasi hicho. Nilitoka nje nikaelewa. Vijana wa boda walikuwa wameegesha pikipiki zao kwenye kivuli cha mabati kando ya lango, kila mmoja macho kwenye simu. Dada wa chapati ng'ambo ya barabara alikuwa anatazama video huku anakanda. Watoto wa jirani walikuwa wamepanga migongo kwenye ukuta wa hosteli.

Paswedi ilikuwa inatembea kwa heshima. Mtu akileta kitu pale hosteli, anapewa chai, na akishakunywa chai anauliza waifai, na anapewa. Dereva wa tanki la maji, mzee mmoja kutoka Arua, Uganda, alikuwa wa kwanza. Yeye akawapa vijana wa boda kwa sababu walimsaidia kusukuma tanki siku lilipokwama kwenye matope. Vijana wakampa dada wa chapati. Nilimuuliza Dada Poni kama hawezi kukataa.

"Mtu ameniletea maji," akasema. "Nimwambie kunywa chai, lakini mtandao hapana? Wewe umelelewa wapi?"

"Kitale, dada."

"Na Kitale wanafanya hivyo?"

Nikarudi kwenye laptopu yangu.

Karakana tulikaa tukalijadili hilo suala. Injinia Otieno alitaka tusasishe programu, kwa sababu toleo jipya lilisemekana kuachia viti haraka zaidi. Alikuwa na hoja nzuri, ila Mama Keji alifungua ukurasa wa hifadhi akamwonyesha nafasi iliyobaki. "Utamlaza wapi huyu mgeni, Injinia? Sakafuni?" Injinia akatazama, akasema, "Aisee. Hapana." Tukajaribu ile ya chuma. Ilikuwa na viti vya kutosha kwa Lemon Gaba yote, lakini hosteli mchana inaishi kwa sola, na tulipoiwasha, inveta ilipiga filimbi na taa za chumba cha kusomea zikafifia. Tukaizima. Kulikuwa na ndogo nyingine nzuri tulizoagiza, zenye memori mara mbili ya ile nyeupe na hifadhi ya kutosha. Zilikuwa Nimule, mpakani, kwenye lori, na lori lilikuwa linasubiri karatasi.

Kwa hiyo tulipunguza. Mnapokosa cha kuongeza, punguzeni. Tuliondoa ule ukurasa wa kuingilia wenye picha ya maua. Tulizima kumbukumbu ndefu ambazo ruta ilikuwa inajiandikia bila mtu wa kuzisoma. Tulimvutia Dada Poni waya wake mwenyewe hadi mezani. Jioni kabla ya mtihani tulibadilisha paswedi, na Mama Keji akaniambia mara mbili: "Lado, ruta hizi ukibadilisha kitu chochote, hata herufi moja, zinajizima na kuwaka. Mtihani ukishaanza, usiguse. Hata ikikuomba."

Asubuhi niliiwasha upya mwenyewe, viti vyote vikiwa wazi. Simu yenye bando tuliiweka mezani kama akiba, ingawa mtandao wa simu kule siku hiyo ulikuwa unaonekana na kupotea. Dada Poni aliingia amevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama kisu. Mlango ukafungwa. Nikabaki koridoni, laptopu mapajani, nikisikia sauti ya mwalimu ikimsalimia.

Nilitazama namba ya memori iliyobaki. Ilikuwa nzuri. Nikatazama dari. Nikaitazama tena namba, imeshuka kidogo. Nikajiambia ni kawaida. Nikahesabu vigae, nikaitazama, imeshuka zaidi. Orodha ya simu ilikuwa inarefuka mbele ya macho yangu kama foleni ya maji.

Msichana mmoja wa hosteli, Jackline, alikuwa anapita na sinia.

"Jackline, nani amepewa paswedi?"

"Hakuna. Mzee wa tanki tu. Ameleta maji asubuhi, nikampa chai."

"Na paswedi mpya?"

"Aliniambia ya zamani imeharibika. Aliuliza kwa adabu." Alinitazama usoni. "Nimekosea?"

  Nilimpigia Mama Keji, aliyekuwa kazini upande mwingine wa mji.

"Inashuka, Mama."

"Imefika wapi?"

Nikamwambia.

"Usiguse ruta," akasema. "Ukiwafungia, inajizima. Ukibadilisha, inajizima. Nenda ongea na watu."

"Mama, unajua mimi na watu..."

"Najua. Nenda."

Nilikwenda. Kutoka koridoni hadi langoni si mbali, lakini niligeuka nyuma njiani, nikaona mlango uliofungwa, nikageuka tena. Vijana wa boda walikuwa pale pale kwenye kivuli. Mzee wa tanki alikuwa ndani ya gari lake, mlango wazi, miguu juu, simu mbele ya uso. Nikasema kitu. Hata mimi sikukisikia.

"Wewe iko nasema nini?" kijana mmoja akaniuliza. "Toa sauti, ya akhu, ndugu yangu!"

"Huyu anatafuta namba ya msichana," mwingine akasema. "Mnamtisha."

Wakacheka. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, "Naomba mzime waifai!"

Kicheko kikakatika.

"Kwani ni ya baba yako?"

"Kuna mtu ndani anafanya mtihani. Ni Dada Poni. Mara ya kwanza ilimkatikia, na ikikatika leo hatapata tena. Nyinyi mkiwa wengi, inakatika. Siwezi kuwatoa kwa mashine. Nikigusa mashine, namkata yeye."

Wengine walitazama simu zao kama zimewasaliti. Mzee wa tanki alishusha miguu polepole.

"Mimi napewa," akasema. "Mimi hapana iba. Yule msichana alinipa na chai. Sasa wewe nakuja kunyang'anya?"

Hapo ndipo nilipotaka kurudi ndani. Alikuwa anasema kweli, na kila mmoja pale alijua kwamba anasema kweli. Ukimpa mtu kitu pamoja na chai, hukirudii tena. Nilisimama, jua kichwani, nikifikiria ile namba inaendelea kushuka bila mtu wa kuitazama.

"Hatunyang'anyi, mzee," nikasema. "Ni yenu. Tunaiazima kwenu tu. Mpaka atoke."

Alitazama simu yake, kisha mimi.

"Kuazima," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kuazima ni sawa." Akashuka kwenye gari. Akazima simu yake, akailaza kifudifudi juu ya boneti ya tanki, akawageukia wale vijana. "Nyinyi! Leta hapa! Zote! Kalas, imetosha, iko mtihani!" Mmoja akalalamika kwamba mchezo wake uko katikati. "Wewe naendesha pikipiki ama nacheza?" mzee akamuuliza. Simu zikaja moja moja, zikapangwa kwenye boneti, na yeye akakaa kando yake na fimbo ya kupimia maji mkononi. Mmoja alitumwa kwa dada wa chapati na mwingine kwa watoto wa ukutani.

Nikarudi kwa kukimbia. Memori haikuwa imepanda hata kidogo. Nimewaeleza kuhusu viti: majina yanabaki. Watu walikuwa wameondoka na ruta ilikuwa bado inawasubiri. Nilikaa, nikainuka, nikashika ukuta. Ndani, mwalimu aliuliza swali, na nikalitambua kabla hajamaliza. Lilikuwa lile lile la damu.

Dada Poni akaanza kujibu. Alisema atapaza sauti kuomba msaada huku mikono yake tayari iko kazini. Alisema atalisugua tumbo la uzazi mpaka likaze. Hapo alisimama. Nilifikiri imekatika. Nikatazama taa, zinawaka. Alikuwa amesimama mwenyewe, nadhani alikuwa anangoja kuona kama bado anasikika. Mwalimu akasema, "Endelea, tunakusikia." Akaendelea. Sindano, kibofu, kondo la nyuma, mtoto kwenye titi, yote kwa mpango, na sauti yake ikawa inashuka na kutulia kama mtu anayeongea na mgonjwa. Namba ya memori ilipanda kidogo. Halafu ikapanda tena. Sikukaa hata hivyo.

Alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa. "Wamenisikia mpaka mwisho," aliniambia. Matokeo yalichelewa kuja, na alifaulu, na leo yuko wodini kama mkunga, kwa jina lake mwenyewe. Siku ile hatukulijua hilo. Ruta zetu zilifika kutoka Nimule baadaye, nikampelekea moja, nikaifunga, na nyeupe nikairudisha karakana. Iko rafu ya chini. Msimuuzie mtu mwenye majirani.

Lakini langoni walikuwa bado wanasubiri, simu zikiwa juu ya boneti. Nilitoka na Dada Poni kuwaambia.

"Amepita?" mzee wa tanki akauliza.

"Bado hatujui," nikasema. "Wamemsikia."

"Kwa hiyo tunawasha?" kijana mmoja akanyoosha mkono. Mzee akaupiga kwa fimbo, taratibu.

"Ngoja. Kwanza yeye nasema kwetu alisema nini. Sisi tuliwaazimisha waifai, na hatujasikia chochote."

Dada Poni akacheka, akajifuta uso, akawaambia. Aliwaonyesha kwa mikono yake miwili hewani, mkono mmoja ukisugua. Hakuna aliyetania. Dada wa chapati alivuka barabara, unga vidoleni, akasimama nyuma yao. Kisha yule kijana aliyelalamikia mchezo wake akauliza, bila kumtazama mtu, "Na kama huyo mama iko nyuma yangu, kwa pikipiki, na hospitali bado mbali?"

 Swali hilo chuo hakikuwa kimemuuliza Dada Poni. Akakaa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ya kijana huyo, akamwambia asimame pale, amwonyeshe ni vipi huwa anawabeba akina mama, ili watafute jibu pamoja.